Kabla Hamjabadilisha Mlango wa Mbele

Wanangu mnaohamia kwenye maghorofa ya Kariakoo, Gerezani, Kisutu na Upanga, nina neno nanyi kuhusu mlango wa mbele.

Kila mara naona mambo yale yale. Kijana amepata nyumba ghorofa ya tano, amelipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na hata godoro hajaingiza, tayari amemwita fundi abadilishe mlango. Unang'olewa ule wa mbao uliokuwapo tangu jengo lijengwe, unapachikwa wa chuma wenye rangi ya kahawia na michirizi ya kuigiza mbao, makomeo yake yanaingia ukutani juu, chini na ubavuni. Nje yake fundi wa kuchomelea anaongeza geti la grili, na kwenye geti zinaning'inia kufuli mbili. Kazi ikiisha, kijana anapiga picha na kuwatumia wazazi, na wazazi wanamjibu, "Hapo sasa umefanya jambo la maana."

Kwa upande wa mwizi, amefanya. Siwalaumu mnaomwogopa mwizi. Kariakoo ni mahali pa mali, na nyumba nyingi za juu siku hizi nusu yake ni makazi na nusu ni stoo. Mtu analala chumba kimoja, chumba cha pili kimejaa marobota ya nguo na maboksi ya viatu. Mwenye mzigo wa mkopo ndani ana haki ya kutaka kufuli nzuri.

Lakini mimi ni seremala. Nimepachika milango kuanzia Mtaa wa Aggrey hadi Upanga kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na ingawa randa nimeiweka chini, vijana bado wananigongea kuniuliza wanunue mlango upi. Nawajibu kwamba waulize kwanza mlango huo utafanya nini siku jengo likishika moto. Mlango unaotazama korido ya watu wote ndiyo kinga iliyopo kati ya jiko lako na watoto wa jirani, na kati ya jiko la jirani na watoto wako. Umeulipia wewe, ila unawalinda wote wanaopanda ngazi zile.

Nianze na mbali kidogo, kwa sababu huko mambo yalichunguzwa yakaandikwa. Tarehe 9 Januari 2022, huko Bronx, New York, liliungua jengo la ghorofa 19 liitwalo Twin Parks North West. Wengi waliokuwa wakiishi mle ni Waafrika wenzetu, watu wa Gambia na nchi za jirani zake, waliokwenda kutafuta maisha. Hita ya umeme iliwasha moto katika nyumba moja ya ghorofa za chini. Moto wenyewe haukwenda mbali, uliishia katika nyumba ile na korido yake. Waliokuwamo walikimbia, na nyuma yao mlango uliotakiwa kujifunga wenyewe haukujifunga. Huko juu, mlango wa ngazi wa ghorofa ya 15 nao ulikuwa wazi. Moshi ukapata njia kutoka chini hadi juu kabisa. Walikufa watu 17, wanane kati yao watoto, na wote waliuawa na moshi. Baadhi yao walikuwa mbali sana na moto, wakakutana na moshi ngazini wakijaribu kushuka.

Nawaomba mlitafakari hilo taratibu. Watu 17 kwa sababu mlango mmoja chini na mwingine juu ilibaki wazi.

London nako, tarehe 14 Juni 2017, jengo la Grenfell Tower liliua watu 72. Dunia inalikumbuka kwa sababu ya mabamba yaliyobandikwa nje ya kuta zake, na ni sawa, kwani hayo ndiyo yaliyoubeba moto. Ila wachunguzi waligusa milango pia. Milango mingi ya nyumba za mle ilikuwa imebadilishwa miaka michache nyuma. Ilitakiwa izuie moto kwa dakika 30. Mmoja uliojaribiwa baadaye ukashindwa baada ya dakika 15 hivi. Mingine vyuma vyake vya kuvuta mlango ujifunge vilikuwa vimeharibika au vimeondolewa. Uingereza ikatunga kanuni mwaka 2022, zikaanza kutumika Januari 2023: kwenye jengo la makazi linalozidi mita 11, mwenye dhamana akague milango ya kila nyumba walau mara moja kwa mwaka, na milango ya ngazi na korido kila baada ya miezi mitatu. Mita 11 ni ghorofa nne hivi. Pimeni wenyewe ni majengo mangapi ya Kariakoo yangeingia humo.

Sisi hatukuhitaji kwenda London kujua moto ni nini. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 tuliliona soko letu likiwaka, lile jengo alilolisanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, ambalo kila mtu aliamini ni zege tupu lisiloweza kuungua. Kuta zilibaki, vilivyokuwa ndani vikateketea. Ndivyo yalivyo majengo mnayokaa. Zege haliungui, lakini marobota, masofa, maplastiki, magodoro na mitungi vinaungua, na moshi wa vitu hivyo una sumu ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala haimwamshi, inamzidishia usingizi.

Sasa tuje kwenye mlango wenyewe.

Nilikuwapo siku fundi mmoja kijana anapachika mlango wa chuma ulionunuliwa kwa bei ya kutisha. Sakafu ilikuwa imepanda kwa sababu ya vigae vipya, mlango ukawa mrefu, akachukua grenda akakata chini. Bati lilipoachia, ndani yake hamkuwa na kitu isipokuwa karatasi ngumu za maboksi zilizokunjwa kama sega la nyuki, zimegandishwa kwa gundi kati ya bati mbili nyembamba. Cheche za grenda zikaziwasha palepale, tukazima kwa maji ya kunywa. Mwenye mlango alinyamaza. Alikuwa ameambiwa dukani kwamba ule ni mlango wa kuzuia kila kitu.

Milango ya namna hiyo imejaa mjini. Ni migumu kwa teke, migumu kwa mtaimbo, lakini hakuna aliyeitengeneza akifikiria moto. Chuma hakiwaki, ni kweli, ila kinapitisha joto: upande huu moto ukikaa, upande wa pili rangi inaanza kuungua na pazia lililo karibu linashika. Na bati likipata joto linapinda. Likipindia nje, pembeni panafunguka na moshi unapita. Likikaza ndani ya fremu, mlango haufunguki na wewe uko ndani. Usidhani uzito wa mlango ndio kipimo chake.

Mlango wa moto hasa, ule unaokusudiwa kwa kazi hiyo, mkiuona mtaujua kwa mambo machache. Ubao wake hauna uwazi ndani, na ule wa nusu saa mara nyingi una unene wa kama milimita 44. Kwenye ukingo wake au kwenye fremu kuna mfereji mwembamba uliolazwa utepe. Utepe huo ukipata joto unavimba na kuziba ule mwanya kati ya mlango na mwimo. Mwingine una brashi au mpira laini wa kuzuia moshi wa mwanzo, ambao bado haujawa wa moto. Bawaba ni tatu na ni za chuma. Juu ya mlango kuna kile chuma cha mkono kinachouvuta ujifunge, kama mnachokiona kwenye milango ya benki. Na mahali fulani, mara nyingi ukingo wa juu au upande wa bawaba, kuna kibandiko au bamba dogo linalotaja dakika na aliyeupima. Muuzaji akikwambia "huu ni wa moto" na hawezi kukuonyesha bamba wala karatasi ya majaribio, basi anakuuzia maneno.

Lazima niseme pia kwamba mlango wa moto ni kitu kizima: ubao, fremu, bawaba, kitasa na kile chuma cha kuuvuta, vilipimwa vikiwa pamoja. Ukinunua ubao mzuri ukaupachika kwenye fremu ya zamani iliyoliwa na mchwa, umenunua nusu. Ukitoboa tundu la kuchungulia kubwa kuliko linavyotakiwa, au ukachonga upya pa kitasa kikubwa zaidi, umeudhoofisha. Mafundi wenzangu hawapendi kusikia hivi, maana sisi tumezoea kurekebisha kila kitu kwa patasi.

Najua wengi wenu mtasema, "Babu, hiyo bei hatuiwezi." Hapo ndipo nina habari njema. Ule mlango wa zamani wa mninga au mkongo mnaoung'oa na kumpa mtu wa mkokoteni, mara nyingi ni bora kwa moto kuliko mpya mnaoununua. Mbao ngumu nene huliwa na moto polepole, kiasi cha nusu milimita hivi kwa dakika, na ule mkaa unaojiunda juu unakinga mbao za ndani. Udhaifu wake uko kwenye zile paneli nyembamba za katikati, ambazo seremala anaweza kuzibandika ubao mwingine mzito kwa upande wa ndani. Mpeni fundi aunyooshe, abadilishe bawaba zilizolegea, azibe nyufa, aweke kitasa kipya na utepe. Hautakuwa na bamba la majaribio, na sitawadanganya kwamba unalingana na uliopimwa. Lakini kati ya huo na bati lililojazwa maboksi, mimi ningelala nyuma ya mninga.

Fremu nayo inasahauliwa. Fundi akivunja ukuta kuingiza fremu mpya anaacha mapengo mapana huku na huku. Wengine wanayajaza magazeti na mifuko ya saruji, kisha wanapiga plasta juu. Wengine wanapulizia povu la kopo, likavimba, likakatwa kwa kisu, likapakwa rangi. Povu la kawaida linaungua haraka mno. Dai saruji na mchanga, vishindiliwe mpaka ndani, na usimame pale kabla plasta haijafunika. Halafu tazama juu ya fremu: ndipo watu wa king'amuzi na wa intaneti wanapotoboa kupitisha nyaya, na tundu la waya mmoja wanalifanya la kupita ngumi. Lizibe.

Na msikubali kamwe fundi apanue tundu la mlango kwa kugusa nguzo au lenta. Mlango mpana unapendeza kwa kupitisha masofa, lakini jengo ni la watu wengi. Asubuhi ya 16 Novemba 2024 tulisimama mitaa ya Mchikichi na Congo tukisubiri watu wafukuliwe chini ya jengo lililoporomoka. Wengine walitoka hai, wengine wengi hawakutoka. Jengo la pamoja haliguswi kwa uamuzi wa mtu mmoja na fundi wake.

Kuna jambo la joto. Dar es Salaam ni joto, na umeme ukikatika ghorofani hapakaliki. Basi watu wana desturi ya kulala mlango wa mbele ukiwa wazi, wamefunga grili tu, ili upepo wa korido upite. Wazee wetu walifanya hivyo kwenye nyumba za chini zenye baraza na uwani, na walikuwa sahihi, kwa kuwa nje palikuwa ni nje. Ghorofani, korido si nje. Moshi ukianza ghorofa ya pili unaingia kwenu bila hodi, mkiwa mmelala, na grili haizuii hata unyoya. Hali kadhalika yale matundu yenye wavu wa mbu au vioo vya luva juu ya milango ya majengo ya zamani: zibeni kwa tofali au kwa ubao mzito, hewa mtafuteni dirisha la upande wa barabara. Nakiri ni adha. Bado nawaambia mfunge mlango.

Sasa nakuja kwenye funguo, na hapa ndipo moyo wangu unapouma.

Pwani ya Kenya, Machi 1998, bweni la wasichana la Bombolulu liliungua usiku. Milango ilikuwa imefungwa kwa nje, madirisha yana nondo. Walikufa wasichana 26. Miaka mitatu baadaye, Machi 2001, ikawa Kyanguli, Machakos: wavulana 67, mlango mmoja umepigwa kufuli, madirisha yana nondo. Usiku wa kuamkia 31 Agosti 2023, Johannesburg, jengo la Usindiso lililokuwa na wapangaji wa Afrika Kusini, Malawi na Tanzania liliungua, wakafa watu 76, na waliookoka walieleza walivyokuta geti limefungwa. Naamini waliofunga walidhani wanawalinda waliomo ndani.

Nanyi mnafanya vivyo hivyo kila usiku. Mnafunga mlango wa chuma kwa ufunguo kutoka ndani, mnauchomoa ufunguo kwa sababu mmeambiwa mwizi anaweza kuvunja tundu la kuchungulia na kuingiza mkono, mnafunga grili kwa kufuli mbili, na funguo zote mnaziweka kwenye mkoba wa mama au droo ya chumbani. Saa nane usiku, umeme hakuna, moshi umejaa sebuleni, mtoto analia, nani ataukumbuka mkoba? Hata akiukumbuka, ataingiza ufunguo upi kwenye kufuli ipi, gizani, akikohoa?

Kanuni yangu ni hii, na siibadilishi kwa mtu yeyote: kutoka ndani, mlango ufunguke kwa mkono mtupu. Kipo kitasa ambacho nje kinataka ufunguo na ndani kina kitufe cha kuzungusha kwa vidole. Kinauzwa maduka ya vifaa vya ujenzi hapohapo Kariakoo na Gerezani, tena makampuni mengi yanacho. Mwizi asipokuwa na mkono mrefu wa kupita ukutani hakifikii. Kama tundu la kuchungulia linakutia hofu, weka kifuniko cha chuma kwa ndani. Na grili, kama huwezi kuishi bila hiyo, iwe na kitasa cha namna hiyohiyo, kikingwe kwa bati pande zote ili mkono wa nje usikifikie. Kufuli za kuning'inia usiku, watu wakiwa ndani, ondoeni.

Angalieni pia grili inafungukia wapi. Nyingi zinafungukia koridoni. Nyumba mbili zinazotazamana zikifungua kwa pamoja, grili zinagongana na korido imezibwa. Wanaoshuka kutoka juu wanakwama hapo. Fundi wa kuchomelea anaweza kuifanya itelezee ukutani au ifungukie ndani. Mwambieni kabla hajaanza kuchoma.

Na ninyi kina mama na kina baba mnaotoka alfajiri kuwahi dukani, mnamfungia mtoto ndani kwa kufuli ya nje ili asizurure. Nawasihi. Mpelekeni kwa jirani, kwa shangazi, kwa bibi wa ghorofa ya chini. Mtoto aliyefungiwa kwa nje hana pa kwenda, na jirani anayemsikia akipiga kelele hana ufunguo. Katika mji huu tumezika watoto namna hiyo. Sitaki kusikia mwingine.

Kujifunga kwa mlango watu wanakupuuza mno. Kile chuma cha mkono kinakera, najua: unaingia na mizigo, mlango unakusukuma, mtoto anatoka kuchota maji, mlango unamfungia nje. Mwezi wa kwanza watu wanaweka tofali mlangoni, mwezi wa pili wanakifungua skrubu. Ndiyo sababu ninarudia habari ya Bronx. Anayekimbia moto hakumbuki kugeuka nyuma. Mlango wenyewe ndio umkumbukie. Kikikaza sana, kina skrubu ndogo ya kupunguza nguvu, fundi yeyote anaijua.

Korido na ngazi nitazipitia haraka kwa kuwa mlishasikia, ingawa hamkutii. Jenereta lisikae koridoni. Mafuta ya jenereta yasikae popote ndani. Marobota ya mtumba na maboksi ya viatu hayana haki ya kukaa ngazini hata kwa usiku mmoja wa kusubiri mzigo upande basi. Mtungi wa gesi usiwekwe nyuma ya mlango wa mbele kwa kisingizio kwamba jikoni hapatoshi. Taifa lina Mkakati wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, lengo asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi, na mimi nauunga mkono kwa moyo wote, macho yangu mwenyewe yaliumia kwa moshi wa mkaa. Lakini gesi hii ya mitungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni, na ikiwa iko mlangoni imekaa kwenye njia yako pekee ya kutokea.

Mtaniuliza kuhusu ruhusa. Kama mmepanga, someni mkataba. Nyumba nyingi, ziwe za Shirika la Nyumba la Taifa au za mtu binafsi, haziruhusu mpangaji abadilishe mlango au avunje ukuta bila idhini ya maandishi. Kama mmenunua, kumbukeni kwamba sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inawapa nyumba yenu, na korido, ngazi na lifti inazifanya mali ya pamoja. Geti lenu likiota koridoni limeingia kwenye mali ya wote. Kila jengo liwe na kikao chake cha wakazi, na kikao kikubaliane aina moja ya mlango, badala ya kila ghorofa kushindana kwa chuma. Mkinunua milango kumi pamoja bei inashuka, na muuzaji atawatafutia yenye bamba.

Watu wa Zimamoto na Uokoaji waiteni waje wakague. Sheria Na. 14 ya mwaka 2007 inawapa mamlaka ya kuingia kwenye majengo na kukagua kinga ya moto, na kuwaita mapema ni heshima yenu. Kituo chao kiko jirani nasi, pale Barabara ya Morogoro ambapo hata kituo cha mwendokasi kimepewa jina la Fire. Ni mwendo wa miguu. Lakini nani asiyeijua Kariakoo saa tano asubuhi? Meza za bidhaa, maguta, mikokoteni, malori yanayoshusha mzigo Mtaa wa Swahili na Narung'ombe. Gari lao haliruki juu ya watu. Nusu saa ya mlango mzuri ndiyo inayowapa nafasi ya kufika.

Ikitokea, fanyeni hivi. Moto ukiwa ndani kwenu, tokeni wote, vuteni mlango ufungwe nyuma yenu bila ufunguo, gongeni kwa majirani, shukeni kwa ngazi, lifti msiiguse. Msirudi kwa ajili ya mzigo. Moto ukiwa nje, gusa mlango kwa mgongo wa kiganja kabla ya kuufungua. Ukiwa wa moto, au moshi unapenya, usiufungue. Lowesha taulo na khanga, ziba chini na pembeni, nendeni chumba chenye dirisha la barabarani, fungeni na mlango wa chumba hicho, pigeni 114, mtaje mtaa, jina la jengo, ghorofa, na kwamba mko watu wangapi. Wafundisheni watoto namba hiyo kama mnavyowafundisha majina ya babu zao.

Usiku wa leo, kabla ya kulala, zimeni taa zote. Kila mmoja, hata wa miaka saba, hata bibi mwenye mguu mbovu, ajaribu kutoka kitandani hadi ngazini kwa kupapasa, bila tochi na bila kuuliza ufunguo uko wapi. Kama yupo aliyeshindwa, kesho asubuhi mwiteni fundi kabla hamjafungua duka.